Telomere: Kinga iliyo kwenye ncha za kromosomu, na jinsi saratani inavyoikwepa

KARIBU kila seli ya mwili wa binadamu hubeba maagizo ya uhai katika nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. Kila uzi una ncha mbili, na kila ncha ina kifuniko ambacho wanasayansi hukiita telomere.

Kifuniko hicho hupungua urefu kila seli inapogawanyika. Kikiwa kifupi kupita kiasi, seli hupokea ishara ya kukoma kuzaana. Kwa seli yenye afya, huo ndio mwisho wa safari yake ya kugawanyika. Kwa seli iliyoasi na kuelekea kuwa saratani, hicho ni mojawapo ya vizuizi vikuu ambavyo sharti ivivuke kabla ya kuwa uvimbe unaoweza kuua.

Makala haya yanaeleza telomere ni nini, kwa nini zinafupika, jinsi seli zenye afya zinavyozitunza, na njia mbili ambazo saratani hutumia kuzirefusha isivyo halali. Aidha, yanaeleza kwa nini vidonge vinavyonadiwa kuwa hurefusha telomere ili kurudisha ujana si habari njema jinsi wauzaji wanavyodai.

FUNDO KWENYE NCHA YA KAMBA

Asokotaye kamba ya katani anajua kwamba ncha isipopigwa fundo, nyuzi zitafumuka na kamba nzima itaharibika. Telomere hufanya kazi ya fundo hilo.

Sehemu hiyo ya DNA haibebi maagizo ya kuunda protini za mwili kama zilivyo jeni. Ni herufi sita za kikemia, TTAGGG, zinazorudiwa mara nyingi mno. Mtoto anapozaliwa, telomere zake huwa na urefu wa takriban herufi 10,000 hadi 15,000. Mfuatano huo wa binadamu ulitambuliwa mwaka 1988, na ndio uo huo unaopatikana kwa wanyama wengine wenye uti wa mgongo.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Mwishoni mwa telomere, uzi mmoja hujitokeza kidogo kumpita mwenzake, kisha hurudi nyuma na kujichomeka ndani ya telomere yenyewe mfano wa kitanzi. Kitanzi hicho kilionekana kwa hadubini yenye nguvu mwaka 1999. Hushikiliwa na kundi la protini sita ambalo mtafiti Titia de Lange wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alilipa jina la shelterini mwaka 2005, kwa maana ya kitu kinachositiri.

Stara hiyo ni ya lazima kwa sababu seli ina askari wake wanaoshika doria usiku na mchana wakitafuta DNA iliyokatika ili waiunge. Ncha ya kromosomu isiyofunikwa haina tofauti na mkato machoni pa askari hao. Wakiikuta wazi, huiunga na ncha ya kromosomu nyingine. Seli inapogawanyika, kromosomu hizo zilizoungana huvutwa pande mbili, zikakatika ovyo na kuvuruga jeni zilizomo.

Hatari hii ilitambuliwa kabla hata ya umbo la DNA kujulikana. Hermann Muller aliwapiga nzi wa matunda kwa eksirei na kuona kwamba ncha asilia za kromosomu hazifanani kitabia na ncha zilizokatika. Mwaka 1938 alizipa jina la telomere kutokana na maneno mawili ya Kiyunani: telos, yaani mwisho, na meros, yaani sehemu. Katika kipindi hicho, Barbara McClintock, aliyechunguza mahindi, alionyesha kwamba kromosomu zilizokatika huungana, hali ncha asilia haziungani.

SELI ZINAZOHESABU

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba seli zikitolewa mwilini na kulishwa vyema katika maabara zinaweza kuishi milele. Imani hiyo ilitokana na kazi ya Alexis Carrel, aliyeanzisha mwaka 1912 jaribio la kukuza seli za moyo wa kifaranga, jaribio ambalo lilisemekana kuendelea kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia waliipinga dhana hiyo. Walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika takriban mara 40 hadi 60 tu, kisha hukoma. Hazifi papo hapo. Hubaki hai, lakini haziongezeki tena.

Ili kuondoa shaka kwamba kasoro ilikuwa kwenye chakula cha maabara, walichanganya seli kuukuu za kiume na seli changa za kike katika chombo kimoja. Zile za kiume zilikoma wakati wake ulipofika, huku zile za kike zikiendelea kustawi. Isitoshe, seli zilizogandishwa kisha zikayeyushwa ziliendelea na hesabu pale zilipokuwa zimeikomea. Ilikuwa dhahiri kwamba seli ina kitu ndani yake kinachohesabu.

Aliyekisia kitu hicho ni nini alikuwa Mrusi, Alexei Olovnikov. Mwaka 1966 alisikiliza mhadhara kuhusu kazi ya Hayflick mjini Moscow. Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, alikuwa kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi alipopata jibu. Alifikiria treni kuwa ni mashine inayonakili DNA na reli kuwa ni DNA yenyewe. Treni ikifika mwisho wa reli, kipande kile kilicho chini ya tumbo lake hakiwezi kunakiliwa.

Olovnikov alichapisha wazo hilo kwa Kirusi mwaka 1971. Mwaka uliofuata, James Watson, mmoja wa wagunduzi wa umbo la DNA, naye aliandika kuhusu kikwazo hicho hicho bila kukihusisha na uzee. Kwa hakika, mitambo ya seli inayonakili DNA huhitaji kipande cha kuanzia na huelekea upande mmoja pekee. Kipande cha mwisho kinapoondolewa, pengo lake halizibwi. Seli za binadamu hupoteza takriban herufi 50 hadi 200 za telomere kila zinapogawanyika.

Uthibitisho kwamba telomere za seli za binadamu hufupika kadiri seli zinavyozeeka ulichapishwa mwaka 1990 na Calvin Harley, Bruce Futcher na Carol Greider.

KIMENG'ENYA KINACHOREFUSHA

Iwapo kila kizazi cha seli kingerithi telomere fupi kuliko za kizazi kilichotangulia, viumbe vingekwisha kutoweka duniani zamani. Lazima basi kuwe na namna ya kurudisha kilichopotea.

Jibu lilitoka kwa mdudu asiyeonekana kwa macho, kiumbe cha seli moja kiitwacho Tetrahymena, kinachoishi katika maji ya vidimbwi. Kiumbe hicho kina maelfu ya kromosomu fupifupi, na kwa hivyo kina ncha nyingi za kuchunguza. Mwaka 1978, Elizabeth Blackburn na Joseph Gall walisoma herufi za ncha hizo na kukuta mfuatano mfupi uliorudiwarudiwa.

Mwaka 1982, Blackburn na Jack Szostak walichukua telomere za Tetrahymena na kuzipachika kwenye DNA iliyotiwa ndani ya hamira, kiumbe ambacho kwa nasaba kiko mbali sana na Tetrahymena. DNA hiyo ililindwa. Kinga iliyofanya kazi kwa viumbe wawili walio mbali hivyo haikuwa jambo la kubahatisha.

Siku ya Krismasi mwaka 1984, Carol Greider, aliyekuwa mwanafunzi wa Blackburn katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliona katika matokeo ya jaribio lake dalili za kimeng'enya kinachoongeza herufi kwenye ncha za DNA. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli. Hiki kilikuja kuitwa telomerasi.

Telomerasi ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni protini iitwayo TERT, ambayo ndiyo fundi anayeshona. Ya pili ni kipande cha RNA kiitwacho TERC, ambacho ni mfano wa kiolezo cha fundi: humwonyesha herufi za kushona. Fundi husoma kiolezo, huongeza herufi sita, husogea, kisha huongeza nyingine sita.

Blackburn, Greider na Szostak walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2009.

TISHU ZENYE AFYA

Maagizo ya kuunda telomerasi yamo katika kila seli yenye kromosomu. Hata hivyo, katika seli nyingi za mwili wa mtu mzima, jeni ya TERT imezimwa. Seli za misuli, ubongo na tishu nyingine nyingi hazina telomerasi ya kutosha kugundulika.

Zipo seli chache zilizoruhusiwa. Kijusi katika siku zake za mwanzo huwa nayo kwa wingi. Seli zinazozalisha mbegu za kiume huwa nayo maishani, ndiposa mtoto hazaliwi akiwa na telomere zilizochakaa kama za ngozi ya babake. Seli shina za uboho, za ngozi na za utumbo, ambazo hulazimika kuunda seli mpya kila siku, huwa na kiasi kidogo. Chembe nyeupe za damu nazo huiwasha kwa muda zinapopambana na maradhi.

Ifahamike kwamba hata katika seli shina, kiasi hicho hakitoshi kuziba pengo lote. Hupunguza kasi ya kufupika tu. Ndiyo sababu telomere za damu ya mzee kwa wastani ni fupi kuliko za kijana.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini maumbile yakazima kimeng'enya chenye manufaa kama haya? Jibu linalokubaliwa na wanasayansi wengi ni kwamba mwili umefanya makubaliano. Unakubali kuchakaa polepole ili seli moja ikiasi isiweze kuzaana bila kikomo. Ufupi wa telomere ni gharama na pia ni kinga.

Panya wa maabara hutusaidia kuliona jambo hili. Telomere zake ni ndefu zaidi ya za binadamu, na telomerasi yake huwaka katika tishu nyingi. Hata hivyo, huishi miaka miwili au mitatu tu. Urefu wa telomere, basi, si urefu wa maisha.

ZIKIFUPIKA KABLA YA WAKATI

Kuna watu wachache wanaozaliwa na hitilafu katika jeni za telomerasi au za protini zinazolinda telomere. Kwao, kinga imegeuka kuwa mzigo.

Ugonjwa wa aina hiyo uliochunguzwa zaidi huitwa diskeratosisi. Mgonjwa hupata kucha zenye kasoro, ngozi yenye mabaka na madoa meupe kinywani. Hatari kuu ni uboho kushindwa kuunda damu. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba protini yenye hitilafu katika aina moja ya ugonjwa huo ni sehemu ya telomerasi, na mwaka 2001 hitilafu za TERC nazo zikatambuliwa.

Mwaka 2007, watafiti waliripoti kwamba baadhi ya familia zinazougua kukakamaa kwa mapafu zina hitilafu katika jeni za TERT au TERC. Maradhi mawili yaliyodhaniwa kuwa hayana uhusiano, moja la damu na jingine la mapafu, yakaonekana yana mzizi mmoja.

Kipimo cha urefu wa telomere kina maana ya kitabibu kwa wagonjwa kama hao na jamaa zao. Daktari hukitumia kuchagua tiba na kumteua ndugu anayefaa kutoa uboho. Kwa mtu mwingine asiye na dalili, kipimo hicho hakimwambii ataishi miaka mingapi, kwani watu wa umri mmoja wenye afya njema hutofautiana mno.

SARATANI INAVYOVUKA KIZUIZI

Seli inayoelekea kuwa saratani huanza kwa kupoteza breki zake. Jeni mbili, p53 na RB, ndizo walinzi wakuu wanaoiamuru seli yenye telomere fupi ikome. Walinzi hao wakiharibiwa, seli hupuuza onyo na kuendelea kugawanyika.

Kinachofuata ni maangamizi. Telomere huisha kabisa, kromosomu huungana na kukatika, na seli nyingi mno hufa. Hapo ndipo uvimbe mwingi unaoanza mwilini unapokomea bila hata mwenyewe kujua.

Hata hivyo, katika vurugu hiyo, seli moja kati ya mamilioni yaweza kupata njia ya kurefusha telomere zake upya. Seli hiyo huwa tayari imebeba jeni zilizovurugika, na sasa haina kikomo. Waama, kizuizi kile kile kilichoua wenzake ndicho kilichoipa vurugu inayoihitaji.

Njia inayotumiwa zaidi ni kuwasha telomerasi. Mwaka 1994, watafiti walioongozwa na Jerry Shay na Woodring Wright wa Texas walitumia kipimo kipya na kuikuta katika sampuli nyingi za saratani, lakini si katika tishu nyingi za kawaida. Leo inakadiriwa kwamba saratani 85 hadi 90 kati ya kila 100 hutumia njia hii.

Namna swichi inavyowashwa ilieleweka zaidi mwaka 2013. Vikundi viwili vya watafiti, kimoja Marekani na kingine Ujerumani, viliripoti kwamba katika melanoma, saratani hatari ya ngozi, herufi moja tu hubadilika katika eneo linaloongoza jeni ya TERT. Herufi hiyo moja huunda mahali papya pa kushikiliwa na protini zinazowasha jeni. Mabadiliko hayo yalikutwa baadaye katika saratani nyingi za ubongo, kibofu cha mkojo na ini.

Je, telomerasi peke yake huleta saratani? La. Mwaka 1998, watafiti walitia jeni ya TERT katika seli za kawaida za binadamu. Seli hizo ziliupita ukomo wa Hayflick huku zikibaki na tabia njema. Mwaka uliofuata, kikundi cha Robert Weinberg kilionyesha kwamba seli hizo hugeuka saratani pale telomerasi inapoambatana na jeni zinazoondoa breki na kuchochea ukuaji. Telomerasi haiwashi moto. Huuzuia usizimike.

NJIA YA PILI

Saratani 10 hadi 15 hivi kati ya 100 hazina telomerasi, ilhali telomere zake hazifupiki. Fumbo hili lilianza kufumbuliwa mjini Sydney, Australia, ambako Tracy Bryan, Roger Reddel na wenzao waliripoti mwaka 1995 kwamba seli fulani zisizokufa hurefusha telomere bila kimeng'enya hicho.

Seli hizo hutumia mbinu ya kurekebisha DNA iliyokatika. Telomere fupi hujipachika juu ya telomere nyingine na kuinakili, kama mwanafunzi anayetazamia kazi ya jirani yake. Matokeo yake huwa ni telomere za urefu usiolingana: nyingine ndefu ajabu, nyingine fupi mno.

Mbinu hiyo si ngeni. Mwaka 1993, Victoria Lundblad na Blackburn walikuwa wameonyesha kwamba hamira iliyonyimwa uwezo wa kutumia telomerasi hufa kwa wingi, isipokuwa chache zinazonusurika kwa kunakili telomere kwa njia inayokaribiana na hii.

Kwa binadamu, njia hii huonekana zaidi katika saratani za mifupa zinazowapata watoto na vijana, baadhi ya saratani za ubongo na aina fulani za uvimbe wa kongosho. Mwaka 2011 iligundulika kwamba nyingi kati yake zimepoteza protini ATRX au DAXX, ambazo husaidia kuifunga DNA ya telomere kwa mpango. Dawa ya kuzuia telomerasi haiwezi kuzifaa saratani hizi, kwa kuwa hazina cha kuzuiwa.

VIRUSI VYA HPV NA SELI ZA HELA

Mfano unaowahusu Wakenya moja kwa moja ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowaua wanawake wengi zaidi nchini.

Takriban saratani 70 kati ya 100 za aina hiyo husababishwa na virusi vya HPV nambari 16 na 18. Virusi hivi vina jeni mbili hatari. Moja, E7, humzima mlinzi RB. Ya pili, E6, humwangamiza p53 na pia kuiwasha jeni ya TERT. Kwa maneno mengine, vizuizi ambavyo saratani nyingine huchukua miaka mingi kuvivuka kimoja baada ya kingine, virusi huvishambulia kwa pamoja.

Hata hivyo, maambukizi mengi ya HPV hushindwa na kinga ya mwili na kutoweka yenyewe. Yanayodumu ndiyo huleta hatari, na kwa kawaida huchukua miaka mingi kabla ya saratani kutokea. Muda huo ndio nafasi ya kuokoa maisha.

Ushahidi maarufu zaidi wa nguvu za virusi hivyo ni seli za HeLa. Zilitolewa mwaka 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kutoka kwa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alifariki Oktoba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 31. Hakuombwa idhini, na familia yake haikujulishwa kwa miaka mingi.

Seli zake zingali zinagawanyika katika maabara kote duniani. Zimebeba HPV nambari 18. Ni katika seli hizo ambapo Gregg Morin aligundua telomerasi ya binadamu mwaka 1989. Mwaka 2000, watafiti walipozinyamazisha jeni za virusi ndani yake, seli hizo zilizokuwa zimegawanyika kwa karibu nusu karne zilikoma na kuonyesha dalili za uzee. Walinzi walikuwa bado wamo. Walikuwa wamezibwa midomo tu.

Oktoba 2019, Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa umri wa miaka 10 katika mpango wa kitaifa. Chanjo hufaa zaidi kabla ya msichana kukutana na virusi hivyo. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2020 lengo kwamba kufikia 2030, wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, na wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45. Wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi wako katika hatari takriban mara sita zaidi ya wengine, na hushauriwa kuanza kupimwa mapema.

DAWA INAYOLENGA TELOMERASI

Kwa kuwa saratani nyingi hutegemea telomerasi na seli nyingi za kawaida hazina, wataalamu walitarajia kupata dawa rahisi. Safari imekuwa ndefu kuliko walivyodhani.

Kikwazo cha kwanza ni muda. Telomerasi ikizuiwa leo, seli za uvimbe bado zina akiba ya telomere. Sharti zigawanyike mara nyingi kabla ya akiba kwisha, na mgonjwa aliyelemewa hana muda huo. Cha pili ni kwamba seli shina za uboho nazo huihitaji telomerasi. Cha tatu ni ile njia ya pili ya kurefusha telomere, ambayo saratani inaweza kuikimbilia.

Dawa ya kwanza ya kundi hili kuidhinishwa ni imetelstati. Ni kipande kifupi cha herufi kinachojibandika kwenye kiolezo cha telomerasi ili fundi asione cha kushona. Juni 2024, Marekani iliiruhusu kwa watu wazima wenye ugonjwa fulani wa uboho ulio jamii ya saratani, ambao huwaacha wakitegemea kuongezewa damu. Miongoni mwa athari zake kuu ni kupungua kwa chembe nyeupe za damu na chembe zinazogandisha damu, hivyo wagonjwa huchunguzwa mara kwa mara.

Kwa upande mwingine, matokeo ya jaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba danazoli, dawa ya jamii ya homoni za kiume, ilirefusha telomere na kuinua kiwango cha damu kwa wagonjwa waliozaliwa na hitilafu za telomere. Hao ni watu ambao tayari wanaugua kwa sababu ya ufupi, na tiba yao husimamiwa na daktari.

VIDONGE VYA KURUDISHA UJANA

Tangu Tuzo ya Nobel ya 2009, biashara kubwa imechipuka ya vidonge, poda na vipimo vya telomere. Wanaoviuza husema kwamba telomere ndefu ni ujana, na kwamba anayezirefusha atashinda uzee. Hoja hiyo huacha nusu ya ukweli.

Mwaka 2014, watafiti waliripoti familia zenye melanoma zilizorithi hitilafu katika POT1, mojawapo ya zile protini sita za shelterini. Hitilafu hiyo huachia telomere zirefuke. Mwaka 2023, kikundi cha Mary Armanios wa Johns Hopkins kilieleza kwa kina watu wenye telomere ndefu za aina hiyo. Baadhi yao walichelewa kuota mvi. Lakini walikuwa na uvimbe wa aina nyingi, mwingine wa kawaida na mwingine wa saratani, na damu yao ilikuwa na makundi ya seli zilizobeba mabadiliko yanayoweza kuleta saratani ya damu.

Seli zao zilikuwa zimepewa muda mrefu wa kugawanyika. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa, na seli iliyokosea haikusimamishwa mapema. Hao ndio binadamu waliopata kile ambacho wauzaji wa vidonge huahidi.

Kuhusu lishe, mazoezi na msongo wa mawazo, tafiti nyingi zimehusisha maisha magumu na telomere fupi, ukiwamo uliochapishwa mwaka 2004 na Elissa Epel, Blackburn na wenzao kuhusu akina mama wanaolea watoto wenye magonjwa ya kudumu. Uhusiano wa aina hiyo haumaanishi kwamba kidonge kitaleta afya. Kuacha sigara, kula vyema na kufanya mazoezi vina faida zilizothibitishwa bila kuhitaji kupima telomere hata moja.

Kwa msomaji anayetaka kuisaidia kinga hii ya maumbile, njia zilizopo ni za kawaida. Binti achanjwe dhidi ya HPV akiwa mdogo. Mama apimwe mlango wa kizazi hata asipohisi maumivu. Mwenye jamaa kadhaa waliougua kukakamaa kwa mapafu au kukosa damu kwa sababu ya uboho amweleze daktari historia hiyo. Na anayeuziwa dawa ya kurefusha telomere aulize kwanza ni seli zipi zitakazorefushwa, kwa kuwa dawa inayomezwa haichagui kati ya seli njema na ile iliyokwisha kuasi.